Chura Wangu Mpya Hataki Kula

SWALI: Ndugu Mhariri, wiki iliyopita nilipata chura wa kufuga, lakini tangu nimweke katika tangi lake la kioo amejificha chini ya gome na hagusi wadudu waliokufa ninaomwekea. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, usimlazimishe. Chura aliyehamishwa huweza kususa chakula kwa siku kadhaa hadi azoee makao mapya, hivyo mpunguzie mwanga, kelele na kushikwashikwa. Lakini tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni hao wadudu waliokufa: vyura wengi huwinda kwa kufuata kitu kinachosogea, na mdudu asiyetikisika ni kama hayupo. Mpe nyenje hai, wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake, jioni giza linapoingia, kwa kuwa aina nyingi huwinda usiku. Huenda ukamwona akigeuka, akitulia, kisha akirusha ulimi, na macho yakididimia anapomeza. Watakaobaki uwaondoe, kwani nyenje mwenye njaa huweza kumng'ata. Hakikisha pia kwamba joto la tangi linafaa aina yake, maana baridi huzorotesha usagaji wa chakula. Akianza kukonda, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kukawia.