Harufu ya Mvua Haina Shamba

Mhariri, juma hili mliuliza iwapo mtengenezaji wa manukato anayejitegemea aanze na kile anachokitaka mnunuzi au na kile anachokisikia mwenyewe puani. Nimeifanya kazi hii kwa miaka tisa katika chumba cha uani, mtaa wa Section 58, Nakuru, na jibu langu ni kwamba aanze na harufu moja asiyoweza kuisahau, hata ikimchukua miaka kuipata.

Yangu ni ya mvua ya kwanza. Husemwa kwamba jina la mji wetu linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na aliyekulia hapa anajua jinsi vumbi la Februari linavyonukia matone ya masika yanapoligusa. Harufu hiyo haina ua wala jani la kukamuliwa. Mwaka 1964 watafiti wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina petrikori, wakaihusisha na mafuta ya mimea yanayojikusanya kwenye mawe na udongo wakati wa kiangazi. Ndani yake imo pia jeosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa chembe tu.

Huko Kannauj, India, mafundi huchemsha udongo uliookwa katika vyungu vya shaba na kuupokea mvuke wake ndani ya mafuta ya sandali. Nilipotaka kuifuata njia hiyo, mchuuzi mmoja aliniletea vipande vya msandali wa humu nchini kwa bei ya kutupa. Nilikataa. Uvunaji wa mti huo ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2007, kwa kuwa wavunaji huung'oa pamoja na mizizi, ambamo mna mafuta mengi, nami siwezi kuisifu ardhi kwa mti ulioibwa kutoka ardhi hiyo hiyo.

Nikageukia leleshwa, kichaka cha majani ya kijivu kinachoota kwa wingi pande za Gilgil na Naivasha, ambacho Wamaasai hutumia majani yake kujinukisha kwapani. Mafuta yake yana ukali wa kafuri, na michanganyiko yangu ya mwanzo ilinuka kama dawa ya kifua. Ikabidi nijifunze kupima kwa mizani badala ya kuhesabu matone, kuandika kila kipimo daftarini, na kuuacha mchanganyiko utulie mwezi mzima ndani ya alkoholi kabla ya kuuhukumu, maana yapo manukato yanayovutia siku ya kwanza yakachusha siku ya thelathini. Jaribio la 41 ndilo lililomfanya mama aulize ni nani aliyeacha dirisha wazi.

Najua kwamba chupa zinazoiga majina makubwa huuzwa haraka mjini. Nami niliziuza miaka miwili ili nilipe kodi. Wateja wale walirudi kwa sababu ya bei, na walipopata bei ya chini zaidi kwingine, wakaenda.

Ninayemheshimu kuliko wote ni Edmond Roudnitska, Mfaransa aliyeanzisha maabara yake mwenyewe mwaka 1946. Alilipenda ua dogo jeupe ambalo Wafaransa huliita muguet, lisilotoa mafuta yanayofaa kutengenezea manukato. Alilipanda bustanini kwake, akawa analinusa likiwa hai, kisha akaijenga upya harufu yake kwa malighafi nyingine kabisa. Manukato hayo, Diorissimo, yalitoka mwaka 1956. Kijana anayeniomba ushauri, mimi humwambia achague ua lake kwanza, ndipo aulize bei ya chupa.

Katika jaribio la 41 jeosmini bado inazidi kidogo, na baada ya saa mbili ngozini harufu yake huelekea kwenye kiazisukari. Nimeipunguza. Masika yakianza nitasimama uani na karatasi ya kunusia mkononi, nilinganishe.