Kabati la bibi usilipake nyeupe (huo ujinga nimeshaufanya mimi)

Mkuu, weka chini huo msasa. Nimesoma uzi wako wote: una kabati la mbao la bibi yako na sofa mpya ya kijivu, unauliza rangi ya ukuta, mapazia, zulia na taa. Halafu katikati umepenyeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba fundi kasema mlipige msasa mlipake nyeupe "liendane na sofa". Hapo umenitonesha kidonda.

Na mimi nilikuwa na kabati la marehemu bibi. Milango miwili ya mahogani, imekolea wekundu ule ambao mbao huupata kwa miaka na mikono ya watu, hauuzwi kwenye kopo. Fundi wangu naye alikuwa na maneno matamu kama wako. Akaligonga mara mbili kwa kifundo cha kidole: "Hii mbao tupu bosi, inavumilia."

Haikuwa mbao tupu. Milango ilibandikwa vinia, lile ganda jembamba la mbao nzuri juu ya mbao ya kawaida. Vinia ya siku hizi mara nyingi haifiki hata milimita 1. Ya zamani inaweza kuzidi kidogo, lakini mashine ya msasa haina habari na hayo. Nimesimama pale naangalia vumbi jekundu linaruka, najiona mjanja. Ghafla vumbi likapauka. Katikati ya mlango pametokea baka la ukubwa wa kiganja, limezungukwa na gundi ya kahawia. Vinia imekwisha, na ikishakwisha hairudi.

"Usijali bosi, rangi itaficha."

Ikaficha kweli, wiki tatu. Kisha madoa ya manjano yakaanza kupenya kutoka chini. Mahogani ina tanini, kemikali ya asili ya mbao inayotoa rangi, na rangi ya maji huiyeyusha na kuivuta juu usipotanguliza praima (rangi ya kwanza ya chini) ya kuzuia madoa. Fundi kitu pekee alichotanguliza ni kudai hela yake. Tukapaka tena, madoa yakarudi. Tukapaka mara ya tatu, milango ikanenepa mpaka ikagoma kufunga. Nimelipia kupaka, nimelipia kubandua, nimelipia kupaka upya. Kwa hela hizo ningepata kabati jipya na fundi mwenye adabu.

Mama alipokuja kunitembelea aliliegemea hilo lidude jeupe, akaniuliza, "Kabati la mama umelipeleka wapi?" Nikamjibu liko kwa fundi. Sikudanganya sana, vumbi lake lilibaki huko.

Na wale wa picha za "kabla na baada" mtandaoni, nina usongo nao. Mbona hawarudi kutuonesha baada ya miezi 6?

Kwa hiyo shika hili moja tu: cha zamani hakiguswi, chumba ndicho kikifuate. Unachoweza kukirudisha jioni hiyo hiyo, fanya. Badilisha vishikio kwa matundu yaleyale (vya zamani vitie kwenye mfuko, uvihifadhi ndani ya droo), lihamishe, lipe ukuta wake peke yake. Usichoweza kukirudisha, kiache. Sofa yako iliyonyooka inapendeza karibu na kabati lenye nakshi kwa sababu havifanani. Ukilipaka unabaki na vitu viwili vipya, kimoja kibaya.

Kabla fundi hajafika, fungua mlango uangalie ukingo. Mistari ya mbao ya usoni ikikatika ghafla, na ukaona utepe mwembamba kama kadi, hiyo ni vinia. Kisha chukua pamba yenye spiriti, gusa mahali palipojificha, nyuma ya mguu hivi. Pakianza kunata baada ya dakika moja, lilipakwa shelaki, ile vanishi ya kizamani inayoyeyuka kwa spiriti, na hapo una bahati: shelaki mpya huyeyuka na kushikana na ile ya zamani, unalihuisha bila kulikwangua. Ila mara nyingi hata huko hufiki, maana kinachoitwa kuchakaa ni uchafu na nta iliyoganda. Kitambaa kilichokamuliwa sana, sabuni laini kidogo, kausha hapo hapo, basi.

Kingine, na hiki kinaniuma hadi leo. Unajua kwa nini niliona kabati la bibi limefubaa? Nilikuwa nimefunga taa zile nyeupe kali, Kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga, kimeandikwa kwenye boksi la balbu). Chini ya mwanga ule hata mahogani inaonekana kama maiti. Nilikuja kuweka balbu za 2700, zile za mwanga wa manjano, baadaye, kabati likiwa limeshakuwa jeupe, nikaona meza ya zamani iliyokuwa kando yake inawaka kama kaa la moto. Meza ambayo sijawahi kuigusa!

Badilisha balbu leo usiku, ukae kwenye hiyo sofa ulitazame. Fundi mwambie aje wiki ijayo. Au asije.