Kitanda na Stoo Nyuma ya Prado: Mambo ya Kupanga Kabla Hujafika Ndeeba

Ukimwambia seremala wa Ndeeba, mtaa wa mbao jijini Kampala, akutengenezee kitanda cha kuweka nyuma ya gari, atakutengenezea kitanda kweli. Miguu ya mvule, mbao za mhogani, vanishi mara tatu. Ni kitu cha kurithisha wajukuu. Ukikipakia, springi za nyuma zinalala hata kabla hujaweka maji ya kunywa, na ukifika Karamoja skrubu zimeanza kutoka zenyewe kwenye mashimo. Fundi simlaumu. Ni hodari wa kazi yake, ila kazi yake ni vitu vinavyokaa chumbani pasipo kutikiswa. Wewe unataka kitu kitakachotikiswa kutwa nzima, kijae vumbi, kilowe mvua mlango ukiwa wazi, halafu usiku kibebe watu wawili. Ramani ya kitu hicho lazima itoke kwako. Yeye akate tu.

Shughuli zangu hunipeleka Moroto, Kaabong, Arua na Yumbe, kaskazini mwa Uganda, na kwa miaka kadhaa sasa gari ndiyo nyumba yangu ya wageni. Jamaa wakaona, wakaanza kuniita Jumamosi nije na futi kamba. Nitazungumzia zaidi Prado kwa kuwa ndiyo imejaa kwenye barabara zetu, lakini hesabu hizi zinafaa hata kwa Land Cruiser kubwa, Pajero au Surf.

Kwanza jiulize gari hili linafanya nini siku ambazo hulali ndani yake. Watu wa Ulaya na Australia ambao tunaona video zao wana gari la safari na gari la nyumbani. Wengi wetu tuna moja. Jumamosi kuna msiba Masaka, shangazi wawili na mama mkwe wanahitaji viti, na kurudi kuna mikungu ya matoke na gunia la makaa. Kitanda kisichong'oka kitakuletea ugomvi nyumbani, na katika ugomvi huo wewe ndiye mkosaji. Kwa hiyo mimi najenga masanduku mawili marefu, la kulia na la kushoto, yanayolala sambamba kuelekea mbele. Kila moja mtu mmoja aweze kulishusha peke yake, maana yake lisizidi kilo 25 likiwa tupu. Faida nyingine ni kwamba ukisafiri peke yako unaweza kuweka sanduku moja tu, ukalala upande huo, na kiti cha katikati cha upande wa pili kikabaki kwa abiria. Sentimita 60 za upana zinamtosha mtu mmoja asiyepiga mateke usingizini.

Sasa vipimo. Ng'oa viti vya nyuma kabisa, kunja vya katikati, ingia ndani na godoro lenyewe, ulale. Usipime gari likiwa tupu kisha ukawaza godoro baadaye. Tuseme kutoka sakafuni hadi kitambaa cha paa ni mita moja. Ukijenga kitanda cha sentimita 30 na juu yake godoro la sentimita 8, umebakiwa na 62. Mtu mzima akikaa wima anahitaji kama 90 kutoka makalio hadi utosi. Basi elewa mapema kwamba kwenye gari la aina hii huwezi kupata stoo kubwa chini na nafasi ya kukaa wima juu. Chagua moja. Mimi sivuki sentimita 25, kwa sababu kuvaa suruali ukiwa umelala chali ni kazi, na kila sentimita unayoirudisha juu utaishukuru asubuhi.

Lakini usishuke chini mno pia. Nundu za matairi zinabana sakafu pande zote mbili, na kitanda kikipita juu ya nundu hizo ndipo kinapata upana wa kulaza watu wawili. Pima nundu zako, ongeza unene wa mbao, hapo ndipo kimo chako cha chini kabisa kilipo.

Urefu ni rahisi zaidi. Mwenye futi sita anahitaji mita 1.85 na kidogo. Sanduku likiishia nyuma ya viti vya katikati halifiki, kwa hiyo weka ubao wa kukunjua wenye bawaba unaoelekea mbele, na miguu miwili ya kukunja inayokanyaga sakafu ya gari. Usiutegemeze kwenye mgongo wa kiti kilichokunjwa, kwani kiti hubonyea, na usiku wa manane kichwa chako kitakuwa chini kuliko miguu.

Mbao ndipo pesa na uzito vinapoamuliwa. Chukua plaiwudi ya marini, ile ya futi nane kwa nne. Shiti ya milimita 18 ina uzito wa kilo 30 na ushee. Ya milimita 12 ni kama kilo 21. Mashiti mawili ya 12 yanatosha masanduku yote mawili ukipanga vizuri, na tofauti ya karibu kilo 20 unaibeba kama maji. Fundi atakuambia 12 ni nyembamba, utaivunja. Haivunjiki ukiiwekea mhimili kila sentimita 40. MDF na mbao za vumbi la mbao zilizogandishwa usiziguse hata ukipewa bure: zikipata maji zinavimba kama mkate, na skrubu iking'oka mara moja haishiki tena. Kwa mihimili nunua paini au musizi, lakini iwe imekauka. Ndeeba mbao nyingi huuzwa zikiwa bado na maji. Zikikaukia ndani ya gari lililoegeshwa juani zinanywea, maungo yanaachia. Nyanyua vipande viwili vinavyolingana, chukua kilicho chepesi.

Kwenye kuunga, kuna jambo moja ambalo mafundi wetu wengi hulifanya kwa mazoea: kupiga skrubu kwenye ubavu wa plaiwudi. Ubavuni skrubu inaingia katikati ya tabaka na kuzipasua, kisha barabara ya mawimbi-mawimbi inaimalizia. Kila pembe iwe na kijiti cha mraba cha sentimita tatu ndani yake, gundi ya mbao pande zote mbili, ndipo skrubu ipite kwenye uso wa ubao kuingia kwenye kijiti. Gundi ndiyo inayoshika. Skrubu inabana tu mpaka gundi ikauke. Toboa tundu dogo kwanza. Fundi akiona uvivu wa kutoboa, mpe soda na ukae naye.

Hapa pa kufunga sanduku kwenye gari ndipo ninapobishana na watu zaidi. Wengi huona kwamba ni zito, halitakwenda popote. Gari likiwa na kasi ya kilomita 50 kwa saa likagonga na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo ndani kinasukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia mara 20 ya uzito wake. Sanduku na vitu vyake vya kilo 60 linakuja mgongoni mwako kama mzigo wa tani moja na zaidi. Mikanda ya kufungia pikipiki haitalizuia. Tumia matundu ya bolti za viti ulivyong'oa, kwa sababu yalijengwa kushika kiti chenye mtu. Chukua bolti moja ya kiti uende nayo Kisekka, soko la vipuri, wakutafutie yenye meno yale yale lakini ndefu zaidi, iliyochapwa 8.8, alama ya uimara, kichwani. Kisha Katwe, kwa wachomelea vyuma, wakukatie vipande vya chuma cha pembe vya kuunganisha sanduku na matundu hayo, na washa pana, kile kisahani cha chuma chenye tundu, upande wa mbao ili bolti isizame.

Usitoboe sakafu ya gari. Chini yake kuna tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya, na drili haichagui.

Droo ni suala la ladha, na ladha yangu ni droo moja tu. Zinapendeza kwenye picha, lakini kila droo ni sanduku ndani ya sanduku: uzito mara mbili, nafasi pungufu. Mimi naweka droo ya jikoni nyuma kabisa, mahali ninapoifikia nikiwa nimesimama nje, na sehemu iliyobaki inafunguka kwa mifuniko ya juu kwa vitu nisivyohitaji usiku. Reli za droo za chuma zenye gololi hupiga kelele na kumeza vumbi la murram. Droo inayoteleza mbao kwa mbao, iliyopakwa nta ya mshumaa, inanitosha. Iwe na komeo la kweli, si sumaku, maana kwenye mlima sumaku huachia na masufuria yako yanakusalimia. Kumbuka pia kwamba mlango wa nyuma wa Prado nyingi hufunguka kwa ubavu: ukiegesha kwenye mteremko utajifunga wenyewe juu ya droo iliyo wazi kama kishikio chake kimechoka.

Kabla ya kukata chochote, tafuta jeki ya gari lako iko wapi na tundu la kushushia tairi la akiba, kama linakaa chini ya gari, liko wapi. Nimeona vitanda vizuri sana vilivyofunika vyote viwili. Kupata pancha kati ya Kotido na Kaabong wakati wa mvua, kwenye udongo mweusi unaonata, huku unafungua bolti za kitanda ili uifikie jeki, si jambo la kumtakia mtu. Pembetatu na kizima moto pia viwe karibu na mlango, askari wa barabarani hana subira ya kusubiri ushushe godoro.

Vitu vizito viwe chini na mbele, karibu na ekseli ya nyuma au mbele yake, visining'inie kwenye mlango. Mahali pazuri pa maji ni pale abiria wa katikati huweka miguu; pana kina kuliko sakafu ya nyuma, na jerikeni ya njano, ambayo haiwezi kusimama chini ya kitanda cha sentimita 25, pale inasimama. Lita 40 ni kilo 40, zihesabu. Mafuta ya akiba na mtungi wa gesi visilale na wewe ndani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unajikusanya sakafuni, na wewe umelala sentimita 25 juu yake.

Vumbi huingia nyuma kwa sababu gari likikimbia hewa ya nyuma huvutwa ndani kupitia nafasi za mlango. Funga vioo vyote, washa feni ikivuta hewa ya nje, ndani pajae hewa ya kusukuma vumbi nje. Badilisha na mpira wa mlango kama umekauka. Hivyo tu ndivyo nguo zangu zinavyofika hifadhi ya Kidepo zikiwa na rangi zake.

Usiku, hewa. Watu wawili kwenye gari lililofungwa vioo huamka vioo vikitiririka maji na godoro limelowa kwa chini. Shusha vioo viwili vinavyotazamana kama vidole vitatu, na uvifunike kwa wavu wa mbu ulioshonewa sumaku ndogo pembeni, unaonata kwenye chuma cha mlango. Malaria haijali kwamba umelala ndani ya Toyota. Chini ya godoro toboa matundu kwenye ubao, kila moja ukubwa wa kizibo cha soda. Yanapunguza uzito na kulikausha godoro. Na huko Kabale na Kisoro ambako baridi inauma, asije mtu akaingiza sigiri ndani ya gari eti apashe joto. Gesi ya makaa inayoua haina harufu wala rangi. Ongeza blanketi.

Godoro liwe la sponji nzito, sentimita 8 au 10, likatwe vipande vitatu na kushonewa kitambaa kinachofuliwa. Sponji laini ya bei poa utaisikia kwenye nyonga usiku wa kwanza.

Ndani ya hifadhi, lala kwenye kambi zilizotengwa tu, na upange mambo yako ya usiku kabla giza halijaingia. Mburo viboko hutoka ziwani kula majani kati ya magari, na Kidepo simba hawaheshimu kambi. Chupa yenye mdomo mpana na mfuniko unaokaza ni sehemu ya kitanda, ijengee mahali pake. Chakula kifungie ndani ya droo hata mchana, kwa sababu nyani wameshajua vioo vilivyoshushwa vina maana gani.

Vanishi ikipakwa, acha masanduku nje ya gari wiki nzima mpaka harufu iishe. Kisha yafunge, pakia kila kitu, jaza tangi, ukapime gari kwenye mizani, ulinganishe na uzito wa juu uliowekwa na mtengenezaji. Safari ya kwanza iwe fupi, ya murram. Ukirudi kaza bolti zote upya, halafu piga mstari mmoja wa rangi nyeupe unaovuka kila nati hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika umejua ni ipi imelegea, bila kushika spana.