Ndege "iliyotengenezwa nyumbani"?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijiweni kwetu hapa Majengo, Moshi, tumebishana juu ya Hürjet, ndege ya jeti ya Uturuki ya mafunzo ya kijeshi. Habari tuliyosoma ilisema "imetengenezwa nyumbani". Mwenzangu haoni kosa. Mimi ningesema "imeundwa nchini humo". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Niko upande wako kabisa. Aliye ughaibuni husema "narudi nyumbani" akimaanisha nchi yake, na tunamwelewa. Lakini Mtanzania akiandika habari za Uturuki, nyumbani hapo ni kwa nani? Msomaji ataona mtu uani kwake na nyundo mkononi. "Imeundwa Uturuki" inatosha.

Kitenzi ndicho kinachoniuma zaidi. Juzi nilikuwa gereji moja ya Unga Limited, hapa Arusha. Fundi alijifuta grisi kwa tambara, akamwambia mteja, "Noah yako imeshatengenezwa, njoo uchukue." Hakuna aliyedhani kwamba fundi yule kaunda gari. Kutengeneza ni kufanya kitu kipya, na ni kurekebisha kibovu pia. Kuunda hakuna utata huo. Ni neno la mafundi wa pwani, la kuunda majahazi, na ndiko kilikotoka kiunzi, ile mifupa ya chombo kabla hakijapigwa mbao. Ndege nayo ina kiunzi chake. Tunalo neno zuri hivi, tuliache kwa nini?

Tena "imetengenezwa" imefunika jambo ambalo msomaji anastahili kulijua. Ndege hiyo ilibuniwa na kuundwa na kampuni ya TUSAŞ, ikaruka mara ya kwanza tarehe 25 Aprili 2023. Injini yake, F404, ni ya General Electric ya Marekani. Basi andika: "imebuniwa na kuundwa Uturuki, ikafungwa injini ya Kimarekani." Kila kitenzi na kazi yake, na hakuna aliyepunjwa sifa.

"Ndege ya mafunzo" ni sawa. Mimi hupenda zaidi "ndege ya kufundishia marubani", maana -ia hiyo hutaja kazi ya kifaa, kama kisu cha kukatia au sufuria ya kupikia. Hürjet ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Kwa mwalimu aliye nyuma ni ndege ya kufundishia. Kwa mwanafunzi wa mbele, ni ya kujifunzia.