Simbamarara na mvua za Agosti

SWALI: Shikamoo mzee. Binti yangu anasoma Pune, India, nami namtembelea Agosti. Nataka safari hiyohiyo nione simbamarara. Mwezi huo unafaa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haufai. Kusi ileile inayovuma kwenu ndiyo inayoipelekea India mvua, na maeneo ya ndani ya hifadhi kama Kanha, Bandhavgarh na Ranthambore hufungwa Julai hadi Septemba.

Mimi nilikwenda hifadhi ya Tadoba, karibu na Nagpur, mwezi wa Mei. Joto lilipita digrii 40. Maji ya chupa yaligeuka ya kuogea mzazi. Lakini majani yalikuwa yamepukutika na madimbwi yaliyobaki yakihesabika, kwa hiyo dereva alituegesha penye maji tukangoja. Akaja jike, akaingia majini kinyumenyume, mkia kwanza, akajilaza. Nusu saa nzima! Mke wangu bado ananilaumu kwamba sikupiga picha moja ya maana.

Desemba na Januari mwili hupumzika, ila alfajiri kwenye jipu la wazi utatetemeka (beba sweta na shali), na nyasi bado huwa ndefu.

Kwa hiyo msogezee binti ziara yako hadi Machi, joto halijakolea. Tadoba hufungwa Jumanne. Kibali cha kuingia huandikwa namba ya pasipoti, basi usiibadilishe katikati. Na ukitaka simba wa Asia, hao wako Gir, Gujarat, si huko Nagpur.