Mama, usisaini hiyo fomu ya kuacha Fizikia

Usisaini. Nimesoma ulichoandika mara mbili na damu imenichemka.

Umesema binti yako yuko Kidato cha Tatu hapa Kisumu, anataka uhandisi wa umeme, na mwalimu wa darasa ameshauri aache Fizikia achukue Biashara kwa sababu muhula uliopita alipata D+. Halafu ukauliza Jiografia au Historia, na kati ya Masinde Muliro na Egerton ni wapi pazuri zaidi. Hayo yangoje kwanza. Bila Fizikia, hakuna kati ya hivyo vyuo viwili kitakachomchukua kwa uhandisi.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo katika shule moja huko Kakamega. "Kichwa unacho, lakini Fizikia itakuvuta chini. Chukua Kilimo, A utapata." Baba akaitwa siku ya wazazi, akaelezwa vivyo hivyo, akasaini. Na kweli Kilimo nilipata A. Gredi ya jumla ikawa B+, kuku akachinjwa nyumbani, majirani wakaja kunywa chai. Nikaenda saiba, duka la intaneti, kuchagua kozi. Uhandisi wa umeme, ukakataa. Wa ujenzi, ukakataa. Wa mitambo, vilevile. Kijana wa saiba akanifungulia masharti ya kozi akawa ananisomea kwa kidole: Hisabati unayo, Kemia unayo, Fizikia... akanigeukia. "Kaka, Fizikia hukufanya?" Niliyekaa naye dawati moja alikuwa na B, chini yangu, lakini Fizikia alikuwa nayo. Yeye aliitwa uhandisi wa ujenzi.

Hili ndilo wazazi hawaambiwi: gredi ya jumla haitoshi. C+ inakupa tu haki ya kuomba digrii. Baada ya hapo KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, inaangalia klasta, yaani masomo manne ambayo kozi yenyewe inayataka, na pointi za juu kabisa ni 48. Kwa uhandisi, Hisabati, Fizikia na Kemia hayana mbadala, na kila moja linatakiwa lisipungue C+. A ya Kilimo haijazi pengo la Fizikia hata ingekuwa A tatu.

Tukadhani pesa zitarekebisha. Chuo kimoja mjini kilituambia kina kozi fupi ya kuziba pengo la Fizikia, mwishoni unapewa cheti na vyuo vikuu vinakipokea. Baba akauza ng'ombe. Nilisoma kwa bidii, cheti nikapewa, chenye muhuri na sahihi mbili. Nilipokipeleka chuo kikuu, mama wa ofisi ya usajili alikirudisha juu ya meza kabla hajamaliza kukisoma, akaniambia wanachotaka ni gredi ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa Kidato cha Nne. Waliochukua pesa ya mzee walijua hivyo tangu siku ya kwanza. Hilo halijanitoka moyoni mpaka leo.

Na yule mwalimu aliyenishauri niache Fizikia? Alama ya wastani ya shule ilipanda, ikabandikwa pale langoni, mwalimu mkuu akapongezwa. Watoto tuliofungiwa njia hatukuhesabiwa kwenye karatasi yoyote. Msinijibu kwamba nina kisirani na walimu. Mama yangu ni mwalimu na nimelelewa kwa chaki. Ninachokataa ni mtu mzima kumpima mtoto kwa faida ya ubao wa shule.

Isitoshe, hiyo hoja ya "itakuvuta chini" imeisha nguvu. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla inahesabiwa kwa Hisabati, lugha moja aliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Binti yako akifanya masomo manane, Fizikia ikiwa ya mwisho kabisa, inaachwa nje ya hesabu. Akiiinua hadi C+, mlango wa uhandisi uko wazi. Abaki nayo, mama.

Tena angalia mwaka. Hawa wa Kidato cha Tatu ni darasa la mwisho la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu, KCSE yao ni 2027. Nyuma yao kuna Gredi ya 10 na mtaala mpya. Hakuna darasa la kumrudisha arudie.

D+ ya sasa si hukumu. Omba karatasi zake za mtihani uone alama zinapotelea wapi. Fizikia ina karatasi tatu, na ya tatu ni ya maabara, alama 40. Wengi huzimwagia hapo kwa kukosa tu kushika vifaa: hajui kusoma voltimita, grafu anaichora bila vipimo kwenye mihimili. Hayo yanafundishika. Mtafutie mwalimu wa ziada likizo hii, na Jumamosi aingie maabara shuleni kama wanaruhusu.

Kabla ya kurudi kwa mwalimu, fungua tovuti ya KUCCPS, tafuta uhandisi wa umeme, chapisha ukurasa wa masharti. Mwekee mezani, binti akiwepo, umuulize Biashara itaingiaje mahali pa Fizikia kati ya yale masomo manne. Akikwambia msijali, kuna kozi ya kuziba pengo baadaye, beba fomu yako urudi nayo nyumbani. Kisha uniandikie hapa alivyosema.