Fundi Anajibu: Gari linakunywa maji, chini hakuna tone

SWALI: Shikamoo fundi. Gari langu dogo, injini ya 1300, naliongezea nusu lita ya maji kwenye rejeta kila baada ya siku tatu, lakini ninapoegesha pakavu. Juzi nikipanda mlima wa Kitonga mshale wa joto ulikaribia nyekundu. Muuza vipuri ananishauri nimwage unga wa kuziba. – Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba. Huo unga uache dukani. Leo unaziba tundu, kesho unaziba vinjia vyembamba vya rejeta, halafu mimi ndiye naletewa kuzibua.

Pakavu si ushahidi. Uvujaji mdogo hukaukia kwenye injini ya moto kabla haujafika chini. Asubuhi, injini ikiwa baridi, shika tochi umulike viungio vya mipira na chini ya wota pampu, ile inayosukuma maji kwenye injini. Ukiona ukoko mweupe, au wenye rangi ya kulanti (yale maji ya rangi ya kupozea injini), umempata mwizi. Pampu ikivuja kwenye kile kitundu chake cha chini, sili imekwisha, badilisha nzima. Kagua pia mfuniko wa rejeta: mpira wake ukichoka presha inatoroka na maji yanachemka mapema, mlimani ndiyo kabisa. Ni kipuri cha bei ndogo, na watu hukikumbuka mwisho.

Oili ikigeuka kama chai ya maziwa, usiwashe tena. Maji yameingia kwenye oili, na mara nyingi hiyo ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeachia.

Na mshale ukipanda, simama, zima, usiguse mfuniko mpaka upoe. Mimi nina kovu mkono wa kushoto tangu 1998. Mteja alikuwa na haraka.